Mofimu Haikatwi kwa Macho

Juzi mjukuu wangu aliniletea daftari lake la Kiingereza. Swali lilimtaka aligawe neno 'hamburger' kwa mofimu. Akaandika 'hamburg' na '-er'. Mwalimu akamwekea alama ya kosa, maana kitabu cha mazoezi kinasema ni 'ham' na 'burger'. "Babu, nimekosea wapi?"

Hujakosea, nilimjibu. Mofimu ni kipashio kidogo kabisa cha lugha chenye maana. 'Ham' ni nyama ya paja la nguruwe, ilhali hamburger aghalabu ni ya ng'ombe. Sasa hiyo 'ham' inaleta maana gani humo? Neno lenyewe limetokana na Hamburg, mji wa Ujerumani, na kiambishi kile kile cha 'Londoner'.

Hata hivyo, tusimcheke mwandishi peke yake. Wenye Kiingereza chao walilikata neno hilo visivyo, wakapata 'burger', kisha wakaunda 'cheeseburger'. Ndiposa leo 'burger' ni mofimu kamili. Sisi nasi tulikopa 'kitabu' kwa Waarabu, ambako 'ki' si kiambishi, tukaunda 'vitabu'.

Tatizo langu ni kuwafunza watoto kusaka maneno wanayoyajua ndani ya neno jingine. Kwa mkasi huo, 'carpet' itakuwa gari na mnyama wa kufugwa!

Walimu wenzangu, kabla ya kukata, ulizeni: kipande hiki kina maana gani hapa? Na mtoto mrudishieni alama yake.