Kusoma Wima

Kila mwalimu wa Kiswahili kwa wageni hukutana na swali la "rafiki". Mwanafunzi amekariri kwamba watu na wanyama ni wa ngeli ya A-WA, akaandika "rafiki wangu amefika". Mwalimu anasahihisha: "yangu". Basi kwa nini, anauliza mwanafunzi, isiwe "rafiki yangu imefika"?

Mwalimu aliyezoea kopasi hakimbilii kujibu. Anafungua kopasi yake, yaani mkusanyo wa matini, anatafuta neno hilo, na kompyuta inampangia mistari, "rafiki" likiwa katikati ya kila mstari na sentensi zikiwa zimekatwa kushoto na kulia. Hiyo ndiyo konkodansi, na haisomwi kama gazeti. Macho hushuka wima: yangu, yake, zetu, zao. Yasogeze kulia kidogo, yashuke tena: amefika, alinikopesha, wamekataa. Kimilikishi kimefuata I-ZI, kitenzi kimebaki A-WA. Kivumishi nacho: rafiki mwema, si njema. Tafuta ndugu, jirani, adui. Mambo ni yale yale. Ukifika kwenye ng'ombe utakuta "wangu" na "zangu" zikigombea nafasi moja, na hapo mjadala wa darasani hunoga, maana itabidi waangalie nani kaandika lipi, na wapi.

Naupenda ufundi huu kwa sababu unamheshimu mwanafunzi. Tim Johns, aliyefundisha Kiingereza Chuo Kikuu cha Birmingham, aliutetea kwa moyo wote: mpe mwanafunzi ushahidi, mwache apeleleze. Chuoni hapo hapo John Sinclair na wenzake walitoa mwaka 1987 kamusi ya COBUILD, iliyowaonyesha wanafunzi maneno jinsi yanavyotumika kweli.

Kiswahili kinadai kazi zaidi. Tafuta "soma" hivi hivi, na anasoma, hawajasoma, tulisomeshwa na yaliyosomwa yote yatakupita, kwa kuwa mzizi umezungukwa na viambishi mbele na nyuma. Hapa namvulia kofia Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Programu yake, SALAMA, huchambua neno kiambishi kwa kiambishi mpaka lifike kwenye shina lake. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25, inatafutika kwa sababu ya uvumilivu huo.

Lakini kopasi hiyo imejaa magazeti, vitabu na mijadala ya Bunge la Tanzania. Muuza samaki wa soko la Feri hayumo, wala Kiswahili cha Lubumbashi. Fundi mwadilifu hulisema hilo kabla hajatamka kwamba "Waswahili husema hivi", na ningependa kila makala ya utafiti ianze kwa kueleza ni sauti za nani zilizokusanywa.

Wala si lazima kungoja mamilioni. Sylviane Granger, huko Louvain nchini Ubelgiji, alikusanya insha za wanafunzi wa Kiingereza kutoka nchi mbalimbali, na makosa yao yakawa data ya kuchunguzwa kwa makini. Mwalimu wa Morogoro au Eldoret anaweza kuchapa insha za darasa lake, kwa ridhaa ya wenyewe na majina yakiwa yamefutwa, kisha akazifungua kwa AntConc, programu ya Laurence Anthony inayopatikana bure. Aanze na "ambaye" na "ambayo". Ndani ya saa moja atajua kipindi cha kesho akifundishe nini.