Mjeledi wa Kila Usiku

Kuna ndoto zinazotujia zenyewe, na kuna ndoto tunazoziita. Mtu aliyedhulumiwa hulala macho wazi, akamleta adui yake mbele yake, akampiga, akamshinda. Kesho usiku huanza tena. Hivyo hujifunza kisasi kama mtoto ajifunzavyo hesabu, na siku ya siku mkono wake umekwisha kuwa mwepesi.

Juu ya jambo hili kiko kitabu kidogo kinachostahili kusomwa katika nyumba zetu za Lubumbashi. Ni Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert wa Tanga, kilichochapwa mwaka 1952. Ni hadithi ya majini na mji uliogeuka mawe. Lakini ukweli wake u karibu nasi.

Adili, liwali wa Janibu, ana nyani wawili. Kila usiku huwapiga mijeledi, kisha huwalisha na kuwabembeleza kwa huzuni. Nyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, ndiye aliyewageuza, naye ndiye aliyeamuru kipigo.

Asili ya hadithi hii imo katika Alfu Lela u Lela, ambamo ndugu waovu hugeuzwa mbwa. Lakini tuulize: mijeledi ya usiku wote ule ilitengeneza nini? Nyani hawakurudi kuwa watu kwa kupigwa, wala Adili hakupata raha kwa kupiga. Kilichowafungua wote watatu ni mtu wa nne, mfalme Rai, aliyepata habari na kuwaombea. Mwenye kupiga naye ni mfungwa. Ufunguo hauko mkononi mwake.

Kitabu kina kasoro. Hasidi na Mwivu wamehukumiwa tangu kupewa majina. Duniani mwovu haji na jina lake usoni. Tunamwita yaya, jirani, mwenzetu wa kazini. Tena Adili ni mwema mno, kwani hupiga kwa kutii amri tu. Ingefaa tumwone usiku mmoja mkono wake ukianza kuupenda mjeledi, maana hatari yenyewe iko hapo: tulichokianza kwa uchungu, baadaye tunakifanya kwa kuzoea.

Sisi wa Katanga tunayajua haya. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, wakangoja gari la moshi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi pamoja na watoto na vyombo vyao. Waliokwenda wana usiku wao wa kukumbuka. Waliobaki nao wana wao. Mtoto aliyezaliwa nyuma ya mambo hayo aweza kurithishwa mjeledi, asijue hata ulianza kwa nani.

Basi kusamehe si kusema kwamba ubaya haukutendeka. Rai aliwaombea watu wenye kosa kweli. Wasio na kosa hawahitaji kuombewa. Alichotaka ni kipigo kikome.

Someni kitabu hiki jioni kwa sauti, watoto wakiwapo. Mkifika penye mjeledi, simameni kidogo, mwaulize ni nani anayeumia zaidi.