Mwenye Banda la Gemu

Hamu ya gemu za video haifi siku moja. Hupungua kidogo kidogo, na anayeipoteza mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Huwasha mashine kwa mazoea, huchagua timu ileile, hufunga mabao kwa ujanja uleule, kisha huzima bila kujua kama alifurahi au alipoteza saa mbili tu. Wengi hudhani dawa yake ni mashine mpya au toleo jipya la mwaka. Huko Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, dawa hiyo ni ya ghali na iko ng'ambo ya maji, mwendo wa saa kadhaa kwa meli kutoka Mwanza. Kwa hiyo katika miji midogo ya Ziwa Victoria, kama ilivyo sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kazi ya kuirudisha hamu iliyopotea imemwangukia mtu ambaye hahesabiwi kabisa miongoni mwa mafundi: mwenye banda la gemu.

Banda lenyewe halina mengi. Lina runinga moja au mbili, PlayStation, pedi zake, benchi la mbao, na pazia mlangoni ili jua lisipige kwenye kioo. Kwa miaka mingi mfalme wa mabanda haya alikuwa PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Gemu inayochezwa ni mpira wa miguu karibu wakati wote, ama ule wa FIFA, mfululizo ulioanza mwaka 1993, ama ule wa Konami ambao vijana waliuzoea kwa jina la Winning Eleven. Mara nyingi wachezaji wa ndani yake wamevalishwa jezi za Simba na Yanga na mafundi wa kompyuta ambao Konami haiwajui na wala wao hawana haja ya kujulikana.

Kwa nini gemu huchosha? Mtunzi wa gemu Mmarekani, Raph Koster, alilijibu swali hili mwaka 2004 katika kitabu chake kuhusu nadharia ya raha. Raha ya mchezo, alisema, ni raha ya kujifunza. Akili ikishaujua mchezo wote, imemaliza kazi yake na hugeukia kwingine. Kabla yake, mwaka 1975, mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alikuwa ameonyesha kwamba mtu huzama katika shughuli pale ugumu wake unapolingana na uwezo wake. Ugumu ukizidi, anaingiwa na wasiwasi. Ukipungua, anachoka.

Wasichana wanaocheza mdako hawakuhitaji kitabu kulijua hilo. Anayecheza hurusha kijiwe juu na kuzoa vingine chini, kwanza kimoja kimoja, kisha viwili viwili, kisha vitatu vitatu, mpaka vyote kwa mkupuo. Mkono ukizoea ngazi moja, mchezo unaudai ngazi nyingine. Bao nalo limetungwa vivyo hivyo, ila kwa kina cha kutisha. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Hatua ya namua, ambapo kete zilizo akiba huingizwa moja moja, ina hesabu zake. Hatua ya mtaji inayofuata ina zake, na fundi wa namua anaweza kuaibishwa kwenye mtaji. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, aliyechapisha utafiti wake juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar mwaka 1995, alikuta watu wanaopiga hesabu za mitawanyo mirefu kichwani bila kugusa kete. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama upande wa mashariki wa ziwa hili, alilipenda bao mpaka uzeeni. Wasukuma wana isolo yao, nayo ni ya safu nne. Ni nadra kumsikia mzee akilalamika kwamba bao limemchosha. Kinachomchosha ni mpinzani asiyeweza.

Kuna uchovu wa namna ya pili, nao ni mbaya zaidi kwa sababu hutengenezwa kwa makusudi. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake wawili waliwachunguza watoto wa shule ya awali huko Marekani waliopenda kuchora. Walioahidiwa zawadi wakichora, wakapewa, baadaye walionekana kuzigusa kalamu kwa hiari yao muda mfupi zaidi kuliko ambao hawakuahidiwa chochote. Zawadi ilikuwa imeugeuza mchezo kuwa kibarua. Gemu nyingi za leo zimejengwa juu ya kosa hilohilo: ingia kila siku upate sarafu, kusanya kadi, fungua pakiti. FIFA ilianza mtindo wa kukusanya wachezaji kwa pakiti mwaka 2009, na pakiti hizo ziliweza kununuliwa pia kwa fedha halisi. Mwaka 2018 Ubelgiji ikaamua kuwa pakiti za bahati nasibu za aina hiyo ni kamari. Anayeziacha gemu hizi huenda hajachoka kucheza. Amechoka kazi isiyo na mshahara.

Hapo ndipo thamani ya mwenye banda inapoonekana. Gemu hutungwa mara mbili: kwanza na kampuni, kisha na yeye. Kampuni haiwezi kujua kwamba kijana fulani anayetoka gulioni ana kasi ya vidole lakini hana subira, au kwamba yule mwendesha bodaboda mkimya kwenye benchi hajafungwa wiki nzima na ameanza kupiga miayo. Mwenye banda anajua, na anapanga. Mgeni hupewa Barcelona, na bingwa huambiwa achukue timu ya daraja la chini. Ikibidi, sheria huongezwa papo hapo. Mabao ya kichwa tu ndiyo yahesabiwe. Bingwa asiguse kitufe cha kukimbia. Anayeongoza kwa mabao matatu abadilishane timu na anayefungwa. Mwanafalsafa Bernard Suits aliandika mwaka 1978 kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Kwenye benchi la mbao jambo hilo hufanyika bila falsafa, na bingwa aliyekuwa akipiga miayo huonekana ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, akipigania sare.

Sheria yenye nguvu kuliko zote ni ya zamani: mshindi anabaki, aliyefungwa anapisha. Faida yake kubwa iko kwa anayesubiri. Mwenye mashine chumbani kwake hucheza muda wowote, na uhuru huo huua hamu haraka. Wa kwenye benchi hutazama mechi mbili tatu zikipita, anamsoma mpinzani anavyopenda kupitia winga ya kulia, anatafuna miwa, anatania na kutaniwa. Pedi inapomfikia mkononi, ana jambo la kujaribu. Kutazama ni nusu ya mchezo, na hiyo nusu ndiyo anayoikosa mtu anayecheza peke yake usiku akijiuliza ladha imekwenda wapi.

Ukerewe ina msaada mwingine ambao hakuna kampuni iliyoubuni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, zamani karabai na sasa mara nyingi za sola. Mwezi ukijaa, mwanga wake huzishinda taa, dagaa hawakusanyiki vizuri, na wavuvi hupumzika. Siku za mbalamwezi basi ni siku za watu: mialo hujaa wanaume wasio na haraka, na bao, drafti, pool table na banda la gemu hupata wateja wao. Giza likirudi, wavuvi hurudi ziwani. Kijana wa kazi hiyo hujikuta ameiacha pedi kwa majuma bila kuamua kuiacha, na anaporudi, vidole vimesahau kidogo na mpinzani wake amejifunza mambo mapya. Ushauri wa kupumzika gemu ili hamu irudi hutolewa kila mahali na hufuatwa na wachache. Hapa hutekelezwa kwa ratiba ya mwezi.

Sehemu ya ufundi inayosifiwa kidogo kuliko zote hufanyika asubuhi, kabla ya wateja. Mwenye banda hufungua pedi kwa bisibisi ndogo, na skrubu anazikusanya kwenye kifuniko cha soda zisipotee. Ndani kuna raba laini chini ya vitufe, yenye vidoto vyeusi vinavyopitisha umeme kila kitufe kinapobonyezwa; jasho, vumbi na mafuta ya maandazi hutanda juu yake hadi kitufe cha shuti huwa kinasikia mara moja na kukataa mara mbili. Hufutwa kwa pamba yenye spiriti. Analogi, kijiti kinachosukumwa kwa dole gumba, ina maradhi yake: sehemu inayopima mwelekeo huchakaa kwa kusuguliwa, na mchezaji kwenye kioo huanza kutembea peke yake kama aliyelewa. Ikishindikana kusafishwa, hubadilishwa kwa kipande kilichotolewa kwenye pedi iliyokufa, na mabanda mazuri huwa na boksi zima la pedi zilizokufa. Malalamiko mengi ya kwamba gemu imeisha utamu huishia kwenye boksi hilo. Mchezaji alikuwa akidhani ameshuka kiwango, kumbe pedi ilikuwa haimsikii.

Ufundi huu hauna chuo. Hujifunzwa na kijana anayeanza kwa kutumwa chenji, akaachiwa pedi za kufuta, akaja kuaminiwa kupanga zamu. Jambo linalochukua muda mrefu zaidi kulielewa ni lipi la kukataa. Mwenye banda makini hapokei mtoto mwenye sare ya shule saa za masomo, hata benchi likiwa tupu, wala haruhusu dau kubwa la fedha kuwekwa juu ya mechi. Anayefungwa kulipia mechi ni utani wa kawaida. Dau likizidi hapo, utani hukauka, mechi moja huzaa ugomvi, na wanaobaki ni wale tu wanaotaka fedha. Mfano wa mchezo wa namna hiyo hauko mbali, kwani mashine za bonanza za kutumbukiza sarafu zimeenea hadi kwenye maduka ya miji midogo ya Tanzania. Hizo hazihitaji mtu wa kupanga wapinzani wala wa kusafisha raba, kwa sababu hazimdai mchezaji ajue chochote.