Baraka Isiishie Mpakani

Wengi wetu wa Mbulu tumekua tukisikia slufay, sala ya baraka ya Wairaqw. Kikao kinapofikia mwisho, mzee huomba mstari kwa mstari, na waliopo huitikia kwa pamoja. Huomba mvua, afya, watoto na mifugo. Hakuna anayeulizwa amebatizwa wapi, au kama anaswali msikitini.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa sala hiyo. Mzee hawezi kuikamilisha peke yake. Bila kiitikio hubaki maneno ya mtu mmoja. Anayeitikia humtakia mema jirani aliyeketi kando yake, hata kama jana waligombania shamba. Nasi wachungaji tukiri kosa letu. Tumewahi kuondoka msibani kabla mzee hajafungua kinywa, tukidhani tunailinda imani. Tuliacha nyuma majirani waliojiona wamekataliwa.

Hata hivyo, si kila kilicho cha wazee kipokelewe bila kupimwa. Katika baadhi ya slufay, mabaya huombewa yatoke, yaende nje ya mipaka ya nchi. Je, huko nje hakuna watu? Upande wa Hanang wapo Wadatoga, ambao zamani walipigana na Wairaqw. Sala inayohamishia ugonjwa kwa mwingine bado haijafika kwenye upendo. Lakini tusijisifu. Ni mara ngapi madhabahuni tumeuombea usharika wetu tu, tukawataja Waislamu na wanaoshika mila kana kwamba ni adui wa kushindwa?

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, matope kutoka Mlima Hanang yalishuka hadi Katesh, yakaua watu zaidi ya 80. Kilichoondoka juu kilimfikia aliye chini, bila kuuliza dini yake. Ndivyo ulivyo ubaya tunaouombea uende mbali: mbali na kwetu ni mlangoni kwa mtu.

Yesu alifundisha kwamba Baba huwanyeshea mvua wema na wabaya (Mathayo 5:45). Basi tuishike slufay katika kuitikiana kwake, na tuvuke mpaka wake. Mzee akianza kuomba, tubaki tumeketi, tuitikie mema ambayo nasi twaweza kuyaomba kwa Baba yetu. Zamu yetu ikifika, tumwombee pia aliye ng'ambo.