Chumvi Bila Kuonja

Saa tisa alasiri, jikoni mwa nyumba moja ya ghorofa ya nne huko Section One, Eastleigh, nyama ya kusaga iko motoni na Ayeyo anatia chumvi. Anaichota kwa vidole vitatu, anainyunyiza akizungusha mkono juu ya sufuria, anakoroga, anainama kuunusa mvuke, kisha anaongeza kidogo kwa vidole viwili. Halafu anafunika mkebe na kuurudisha kwenye rafu. Hakuonja. Amefunga tangu alfajiri, na adhana ya magharibi ingali mbali, saa tatu na nusu na zaidi.

Ayeyo ni nyanya kwa Kisomali. Wajukuu wake humwita hivyo, nasi majirani tunaotumia ngazi moja naye tumelichukua jina hilo likawa letu. Kwa miaka kadhaa nimekula sambusa zake kila Ramadhani bila kujiuliza zinatokaje. Mwaka huu nilimwomba aniruhusu nikae jikoni nitazame.

"Utatazama au utafanya kazi?"

"Vyote viwili, Ayeyo."

"Basi nawa mikono."

Waswahili husema mwenye njaa hana miiko. Jikoni mwa Ramadhani msemo huo hugeuka chini juu: mwenye njaa ndiye anayepika, na miiko yote iko mikononi mwake. Wanazuoni wengi wamemruhusu mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme, pasipo kumeza kitu. Ayeyo anaijua ruhusa hiyo na haitumii. Nilipomuuliza anajuaje chumvi imetosha, alinitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje mlango wa nyumba yake.

"Wewe ukirudi usiku na stima zimepotea, ufunguo unautafuta kwa taa?"

Nilianza kumwelewa tulipofika kwenye manda.

Manda ndiyo nguo ya sambusa, na ndiyo inayomtenganisha fundi na mkaanga unga. Ayeyo alikuwa ameukanda unga wake baada ya sala ya adhuhuri: kilo moja ya unga mweupe wa ngano, chumvi, mafuta kidogo sana, na maji ya uvuguvugu aliyoyamimina kwa kusitasita. Donge lake ni gumu kuliko la chapati. Unga wa chapati hutakiwa ulegee ili chapati iwe laini. Wa manda hutakiwa ujizuie, kwa sababu utasukumwa hadi uwe mwembamba kama karatasi na bado usichanike. Akaufunika kwa kitambaa kibichi, akauacha ulale. Unga usiolala hukaidi: ukiusukuma mbele, unajivuta nyuma.

Saa tisa na robo alilikata donge vipande 20, kila kimoja ukubwa wa ndimu, akavisukuma vikawa vijiduara vya upana wa kisahani cha chai. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Anapaka kijiduara cha kwanza mafuta kwa kiganja, ananyunyiza unga mkavu, anaweka cha pili juu yake, anapaka, ananyunyiza, hadi vinafika vinne. Cha juu kabisa hakipakwi. Kisha anavisukuma vyote vinne kwa pamoja, akianzia ukingoni, akigeuza kila baada ya misukumo miwili, mpaka rundo zima linakuwa duara moja pana kama tawa.

Nilidhani hilo ni jambo la nguvu. Nilipopewa mti wa kusukumia, rundo langu lilitoka katikati jembamba na pembeni nene, na kijiduara cha chini kikatokeza ukingo wake kama shati lisiloingizwa ndani ya suruali. Ayeyo hakusema neno. Alilichukua, akaligeuza, akapitisha mti mara sita, na ukingo ukarudi ndani. Ndipo nikaona kwamba hatazami mti hata kidogo. Anatazama dirishani, kwenye nguo zilizoanikwa roshani ya jirani, huku viganja vyake vikisoma unene wa unga kupitia ule mti. Pale penye uvimbe, mkono unajua kabla ya jicho.

Tawa linatakiwa liwe na moto mdogo. Duara linalala juu yake kwa sekunde chache tu, mpaka uso wake unapoteza ule mng'ao wa ubichi, kisha linageuzwa. Kuiva si lengo. Lengo ni zile tabaka nne zikubali kuachana. Linapotolewa, Ayeyo analipiga kofi moja, anatafuta upembe kwa ukucha, na kuanza kuchambua likiwa bado la moto: moja, mbili, tatu, nne. Kila manda ikitoka unaweza kuona kivuli cha vidole vyake upande wa pili. Mafuta yakizidi, tabaka hujikaanga na kugandana. Yakipungua, hazibanduki. Moto ukizidi, manda hukauka na kuvunjika kwenye mkunjo. Makosa yote matatu niliyafanya kabla ya saa kumi.

Maduara manne hukatwa robo nne kila moja, yaani manda 16 kwa rundo. Marundo matano ni 80. Zote hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, kwa maana hewa ya Nairobi, Ramadhani ikiangukia kiangazi, huzikausha kabla hujageuka.

Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, ndiyo maana hupita misimu yote, ya mvua na ya kiangazi. Ila Nairobi iko karibu sana na ikweta, na saumu ya hapa haitofautiani kwa mengi: saa 13 na dakika kadhaa, mwaka hadi mwaka. Mpishi wa Eastleigh ana bahati ambayo mwenzake wa London au Minneapolis hana. Saa yake ya kukanda ni ileile aliyoijua akiwa msichana.

Sambusa yenyewe ina safari ndefu kuliko yetu sote. Jina lake lina asili ya Kiajemi, na vitabu vya upishi vya Baghdad vya karne ya 10 tayari vinaieleza. Msafiri Ibn Battuta aliikuta Delhi katika karne ya 14, nyama ya kusaga yenye lozi, vitunguu na viungo ndani ya mkate mwembamba uliokaangwa kwa samli. Msafiri huyohuyo alikuwa amepita Mogadishu mwaka 1331, akaandika kwamba watu wa huko hula wali uliopikwa kwa samli wenye vitoweo juu yake, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Leo ukikaa mkahawa wowote wa Eastleigh ukaagiza wali, utaletewa ndizi kando ya sahani bila kuiomba, na mgeni asiyejua ataiweka pembeni akidhani ni ya baadaye. Mwenyeji anaikata na kuila pamoja na wali, tonge kwa tonge.

Mtaa nao ni wa wasafiri. Eastleigh iliundwa mwaka 1921, na wakazi wake wa mwanzo wengi walikuwa Wahindi na Wasomali. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi walijaa vyumba vya nyumba ya wageni ya Garissa Lodge. Mchana vyumba hivyo vya kulala vikawa maduka, na biashara ya mtaa mzima ikabadilika sura. Waliokuja hawakubeba majiko. Walibeba vipimo vya mkono. Kikombe cha unga kinaweza kupotea njiani, lakini vidole vitatu vya chumvi huvuka mpaka na mwenyewe.

Turudi kwenye nyama. Ayeyo huipika bila tone la mafuta. Anaitia na kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na ndimu, kisha anaiacha itoe maji yake na kuyanywa tena, akiivunjavunja kwa mwiko isifanye mabonge. Inapoanza kulia kavu, anazima. Vitunguu maji, vilivyokatwa vidogo kama punje za mchele, huingia baada ya moto kuzimwa, pamoja na dania, pilipili mbichi na hawaash, mchanganyiko wake wa bizari nyembamba, dania kavu, pilipili manga, iliki, karafuu, mdalasini na manjano, uliokaangwa bila mafuta na kusagwa kabla mwezi haujaandama. Kitunguu kikiiva pamoja na nyama, hutoa maji. Maji hulowesha manda. Manda iliyolowa hupasuka, na mafuta huanza kurusha cheche. Kwa hiyo nyama lazima ikauke, na lazima ipoe. Huo upoaji ndio kipindi pekee Ayeyo anapopumzika. Anasali alasiri, anavuta tasbihi yake, anangoja nusu saa nyingine bila kuigusa sufuria.

Kukunja tulifanya watu wanne: yeye, wajukuu wawili, na mimi niliyepewa bakuli la gundi ya unga na maji. Robo ya manda hulazwa kiganjani, ukingo mmoja hupakwa gundi, huviringwa ukawa pembe kama ile ya karatasi ya njugu. Nyama inaingia, haishindiliwi, na mdomo hufungwa. Siri iko kwenye zile ncha tatu. Ncha ikiachwa wazi hata kwa tundu la sindano, mafuta huingia na sambusa hunywa hadi kulewa. Ayeyo alizikagua zangu kwa kuziinua kwenye mwanga wa dirisha, moja moja, akazitenga saba. Mjukuu wake wa miaka kumi hakutengewa hata moja.

Saa kumi na mbili kasorobo karai likaingia motoni. Hapo chini First Avenue ilikuwa imefikia kilele chake: matatu namba 6 na 9 zikisukumana na mikokoteni ya matikiti, wauza tende wakipunguza bei kwa sauti, kila mtu akikimbilia nyumbani kwake au kwa mwenzake. Ayeyo alidondosha kipande cha manda ndani ya mafuta. Kilizama, kikasita, kisha kikapanda taratibu kikiwa na mapovu madogo. Hayo ndiyo mafuta anayoyataka. Yakiwa moto mno, ganda hujaa malengelenge na kuungua huku ndani kukiwa baridi.

Sambusa zikaingia, na karai likapiga kelele. Ayeyo alirudi nyuma, akafuta mikono, akasikiliza. Ile kelele ni maji yanayotoka kwenye unga yakigeuka mvuke. Maji yanapokwisha, sauti hushuka, kutoka ngurumo hadi mnong'ono, na mnong'ono ukifika anaziopoa, hata kabla hajazitazama rangi. Nilihesabu: makarai sita, na mara sita alinyanyuka kutoka kwenye kigoda chake wakati mimi nilikuwa bado nasikia mvua ileile. Kila mara zilitoka rangi ya asali.

Basi ndivyo anavyojua. Kwa mtu anayeonja, ulimi hufanya kazi ya mafundi wote na wengine hulala. Ayeyo ameunyamazisha ulimi mwezi mmoja kila mwaka kwa zaidi ya miaka 50, na pua, kiganja na sikio vikalazimika kujifunza kazi.

Kabla ya adhana, sahani zilishuka ngazi. Moja ilikwenda kwa mama wa Kioromo wa ghorofa ya tatu, moja kwa bawabu kutoka Kitui ambaye hafungi lakini hula futari kila siku ya mwezi, moja kwa vijana wanne wapangaji wa chini wasiojua kupika chochote. Mla cha mwenzie na chake huliwa, na sahani za ngazi yetu hazirudi tupu: ile ya ghorofa ya tatu hurejea na uji wa shayiri, ya bawabu hurejea na maembe ya kwao yakiwa msimu. Siku ya Idi mwendo utakuwa uleule, ila sahani zitabeba halwa, keki na biskuti, na kabla ya sala ya Idi kila nyumba yenye uwezo itakuwa imeshatoa pishi ya nafaka kwa kila mtu aliyemo, kwa ajili ya fakiri, ili siku hiyo pasiwe na jiko lililopoa.

Magharibi ilipoadhiniwa tulifungua kwa tende na maji. Kisha nikaiuma sambusa ya kwanza. Ganda lilivunjika bila kumwaga mafuta, kitunguu kikalia chini ya meno, na chumvi ilikuwa pale inapotakiwa kuwa.

"Imetosha?" Ayeyo aliuliza. Ndiyo mara pekee siku nzima nilipomwona na wasiwasi.

Imetosha, Ayeyo. Na jana yake, nasikia, ilipungua kidogo, na hakuna aliyesema kitu mezani, kwa sababu Mtume hakuwa akikitia chakula ila: akikitaka alikula, asipokitaka alikiacha. Fundi anayepika bila kuonja anastahili walaji wa adabu hiyo.

Siku hizi manda za tayari zinauzwa madukani zikiwa zimegandishwa, na anayetoka kazini saa kumi na moja hana lawama akizinunua. Lakini wewe unayealikwa futari mtaani kwetu, nakuomba jambo moja. Usifike saa kumi na mbili na nusu ukiwa na pakiti ya maji ya matunda. Fika saa tisa, nawa mikono, uombe bakuli la gundi.