Nyimbo za Noeli na Mkazo wa Maneno

Wimbo "Jingle Bells" wa James Pierpont ulichapwa Boston mwaka 1857. Wasimulia gari la kuteleza thelujini, likokotwalo na farasi. Kuzaliwa kwake Bwana haukutaji kabisa. Na uimbwe karamuni, maana una furaha yake. Ibadani hauna mahali.

"Stille Nacht" ni mwingine kabisa. Maneno aliyatunga padre Joseph Mohr, na sauti Franz Gruber, mwalimu wa shule kama sisi; ukaimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mkesha wa Noeli 1818. Lakini kila mstari huanza kwa mkazo, nacho Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. "Nyota" litakaa vema pale mwanzoni. "Mwokozi" litapotoka, limkwaze asikiaye. Mfasiri na auimbe kwanza ubeti wake, ndipo aupeleke chapani.