Hasheem Thabeet na Sekunde Tatu za Chini ya Kikapu

Februari 16, 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Hasheem Thabeet aliingia uwanjani Hartford akiwa senta wa Connecticut, timu iliyokuwa namba moja kwa ubora katika vyuo vyote vya Marekani. Alitoka na pointi 5 na ribaundi 4. DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa takriban sentimita 20, aliondoka na pointi 22 na ribaundi 23, na Pittsburgh ikashinda 76-68. Mapema katika mchezo huo mikono yao ilinasana wakigombea nafasi. Blair akainama, akambeba kijana wa Dar es Salaam kwa bega na kumtupa sakafuni.

Ni rahisi kulitazama tukio lile kama fedheha. Lakini mwisho wa msimu huohuo Hasheem na Blair waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East, na Hasheem akatajwa beki bora wa ligi hiyo kwa mwaka wa pili mfululizo. Wastani wake ulikuwa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo. Mwezi Januari, dhidi ya Providence, alikuwa amefikisha tarakimu mbili kwa vitu vitatu: pointi 15, ribaundi 11, bloku 10. Basi mtu huyu mmoja aliwezaje kuwa ukuta usiopitika na wakati huohuo kung'olewa na mtu mfupi kwake? Jibu lipo katika namna alivyoujenga mchezo wake, na ndilo linaloeleza yaliyomkuta NBA.

Hasheem alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Alipitia Makongo Sekondari, shule yenye jina kubwa katika michezo nchini, kisha akavuka bahari na kumalizia sekondari Houston, Texas. Mwaka 2006 aliingia Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Wenzake wengi walikuwa wameshika mpira tangu darasa la pili au la tatu. Yeye alikuwa na miaka michache tu ya kujifunza, na walimu wake wakachagua kuanzia pale urefu wake wa mita 2.21 ulipolipa haraka: ulinzi.

Wengi hudhani bloku ni urefu. Pita jioni pale JMK Park, Kidongo Chekundu, mwendo mfupi tu kutoka soko la Kariakoo, uangalie kijana mrefu anavyomkaribia mtupaji. Mara nyingi anaruka mapema. Mtupaji anadanganya kwa mabega, mrefu anakwenda hewani peke yake, na akianza kushuka ndipo mpira unapotupwa, au anamwangukia mwenzake na filimbi inalia. Hasheem wa Connecticut alikuwa amefundishwa kinyume cha hapo. Alisubiri. Miguu ilibaki chini mpaka mpira uanze kutoka mkononi mwa mtupaji, kisha akanyoosha mkono juu bila kuushusha mbele, kwa sababu mkono unaoshuka ndio unaozaa faulo. Muda nao ni mfinyu mno: mpira ukishaanza kushuka kuelekea ringi, anayeugusa anamzawadia mpinzani pointi. Kwa mikono yake mirefu, Hasheem aliweza kuchelewa na bado akaufikia ukiwa unapanda. Katika misimu mitatu alipiga bloku zaidi ya 400, na hapo hatujahesabu mitupo ambayo wapinzani waliighairi kwa kumwona tu amesimama.

Amesimama: neno hilo ndilo kiini. Kanuni za vyuo vya Marekani, kama zile za FIBA tunazochezea Dar, zinamruhusu beki kukaa chini ya kikapu chake muda wowote anaotaka. Calhoun aliujenga ulinzi wote juu ya ruhusa hiyo. Mabeki wa mbele waliwabana wapinzani kwa ujasiri, wakijua kwamba hata wakipitwa, nyuma yao yupo mlinzi wa mlango. Mfumo huo uliifikisha Connecticut nusu fainali ya taifa mwaka 2009, ilipofungwa na Michigan State 82-73.

Alichokifanya Blair ni kuhamisha vita kutoka juu kwenda chini. Hakushindana naye hewani. Aliushusha mwili wake, akaingiza nyonga chini ya nyonga za Hasheem na kumsukuma kabla mpira haujafika. Mtu wa mita 2.21 ana uzito uliokaa juu. Asipokunja magoti kwa kina anasukumika. Kukunja magoti kwa namna hiyo na kukaa hivyo dakika 30 ni kazi ya miaka mingi ya mazoezi ya miguu, na miaka hiyo ndiyo Hasheem hakuipata.

Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika NBA kabla yake. Huko akakutana na kanuni nyingine: tangu msimu wa 2001-02, beki wa NBA asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu. Mlango aliokuwa akiulinda ukakatazwa kisheria. Juu ya hilo, timu zilimvuta nje kwa skrini: senta anayekabwa na Hasheem anakwenda mbali na kikapu kumwekea kizuizi mwenye mpira, na Hasheem analazimika kumfuata, kugeuka na kurudi mbio. Kazi ya mikono ikawa kazi ya miguu, tena dhidi ya watu wazima wenye nguvu za Blair karibu kila usiku.

Hata hivyo, takwimu zinamtetea kuliko wengi wanavyokumbuka. Msimu wa kwanza alipewa dakika 13 kwa mchezo, akapiga bloku 1.3, yaani moja kila dakika kumi. Connecticut alikuwa akipata moja kila dakika saba au nane. Ustadi ulipungua, haukufa. Kilichokosekana ni muda wa kucheza: mbele yake alikuwepo Marc Gasol, senta aliyekuwa akikua kwa kasi. Februari 2010 Memphis wakampeleka Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo. Hakuna aliyechaguliwa juu hivyo kwenye drafti aliyekuwa amewahi kushushwa huko. Mwaka 2011 akapelekwa Houston katika biashara ya Shane Battier, kisha Portland, kisha Oklahoma City, alikocheza mechi 66 msimu wa 2012-13. Jumla ni mechi 224 za NBA. Kwa mtu aliyeanza akiwa na miaka 15, mechi hizo zinastahili heshima kuliko zinavyopewa.

Baadaye alicheza Yokohama, Japani, na Taiwan, kisha akarudi nyumbani kuvaa jezi ya Dar City. Kiufundi, safari hiyo ina mantiki. Chini ya kanuni za FIBA anaruhusiwa tena kusimama anapopajua, na mpinzani anayetaka kuingia chini lazima afikirie mara mbili. Umri umempunguzia mbio, haujampunguzia urefu wala ile subira ya kungoja mpira utoke mkononi.

Kwa makocha wa Upanga na Kidongo Chekundu, kuna zoezi moja la kuchukua kutoka usiku ule wa Hartford. Kijana mrefu akija kwa mara ya kwanza, asianze kwa kuruka. Aanze akiwa amekunja magoti, mgongo wima, akitembea kwa ubavu kutoka mstari hadi mstari, na mwenzake mfupi ampe nyonga na kumsukuma. Halihitaji ringi, wala viatu vizuri kuliko raba za mtumba za Mchikichini. Linachohitaji ni kuanza mapema, akiwa na miaka kumi badala ya kumi na tano.